Mama Aliyekalishwa

Watu wa Garissa waliomfahamu Weris Abdinoor miaka hii ya karibuni watakubishia ukiwaambia kuwa alikuwa mtu wa mwendo. Wao wanamjua mwanamke mnene, mwenye hina mikononi na uso mzuri usio na haraka, ameketi kwenye godoro la sebuleni kwa binti yake, mito kushoto na kulia, chupa ya chai ya maziwa karibu na goti. Ukimsalimu alikuitikia palepale alipo. Ukiaga, alikuombea dua akiwa palepale alipo, na wageni walitoka wakisema mashallah, mama wa Deka ametunzwa.

Sasa mtu kama huyo umweleze vipi kwamba alishatembea kutoka Bute hadi visima vya Wajir na kurudi, tena si mara moja? Kwa wafugaji wa kule kaskazini nyumba ni ya mwanamke. Yeye ndiye husuka mikeka yake, ndiye huisimamisha, na siku ya kuhama ndiye huivunja, akaipakia juu ya ngamia, akashika kamba na kutangulia. Wanaume huenda na mifugo. Weris alianza kushika kamba hiyo akiwa na miaka tisa, na aliiachia akiwa na miaka arobaini na sita.

Alitembea akiwa na mimba, akatembea na mtoto mgongoni, akatembea siku ambazo mchanga ulichoma hata ngamia wakalalamika. Deka mwenyewe alizaliwa safarini, na arobaini ilipokwisha wakaendelea na safari. Weris hakuwahi kuona kuwa hilo ni jambo la kusimuliwa. Kaka yake Billow alikuwa akimtania kwamba siku akifa, wabeba jeneza watalazimika kukimbia ili wamfikie.

Ukame wa mwaka 2011 ndio uliomtoa huko. Ngamia wa familia waliisha mmoja mmoja, mumewe Yonis alikuwa ameshafariki mwaka uliotangulia, na watoto wawili waliomfuata Deka hawakuwahi kuvuka utoto. Alibaki na Deka peke yake duniani, na Deka alikuwa Garissa, ameolewa na dereva wa malori ya kwenda Liboi aitwaye Hanad, na mwenyewe akiwa na duka dogo la nguo za kike. Weris akapanda gari akashuka Garissa akiwa na mfuko mmoja.

Hakukaa bure. Wiki ya pili alimpata Maka, mwanamke wa rika lake aliyekuwa akiuza maziwa ya ngamia, wakashirikiana. Alfajiri waliyapokea madumu ya manjano yanayoletwa kwa pikapu kutoka porini, wakayauza sokoni, kisha Weris akazunguka na yaliyobaki nyumba kwa nyumba hadi jua liwe kali. Wateja wake wengine walikuwa walimu na askari kutoka ng'ambo ya daraja la mto, watu wa bara wasiojua Kisomali, kwa hiyo akajifunza Kiswahili cha kuuzia: pima, jaza, lipa, nane, tisa, kesho. Kilikuwa Kiswahili kilichovunjika lakini maziwa yaliisha.

Miaka miwili ilipita hivyo. Duka la Deka likapata wateja, Deka akajenga nyumba ya mawe yenye sebule, na siku moja baada ya chakula cha mchana akamshika mama yake mkono.

"Hooyo," akasema, maana ndivyo mtoto wa Kisomali anavyomwita mama yake, "basi. Umetembea vya kutosha. Kaa."

Hapo ndipo ilipo habari yenyewe, na asiyetoka huko anaweza asielewe uzito wake. Kwa watu hawa, mama anayeketi ni sifa ya mtoto. Mama mwenye mtoto aliyefanikiwa hachoti maji, hafagii, haendi sokoni, na zaidi ya yote haonekani barabarani kwa miguu. Anayetembea ana shida. Anatafuta kitu, au hana wa kumtuma, au mtoto wake amemchoka. Na mtu akitembea bila mzigo wala safari, anakwenda tu halafu anarudi, huyo watu huanza kumsomea dua, wakidhani amepagawa. Ndiyo maana Deka alipomwambia kaa, Weris alilia kwa furaha. Alijiona amelipwa.

Akakalishwa. Akaletewa chai, akaletewa anjera na samli, akaletewa nyama ya mbuzi mchana na tambi jioni, akaletewa maji ya udhu kwenye beseni. Msikitini na misibani alikwenda kwa tuktuk, hata kama msiba uko nyumba ya sita. Deka hakuwa mchoyo wa kitu chochote, na hili lazima lisemwe kwa haki yake.

Mara moja tu Weris alijaribu kuvunja utaratibu. Ilikuwa mwaka wa kwanza wa kukaa, miguu ikimuwasha, akavaa viatu akaenda kumwona Maka sokoni. Ni mwendo wa dakika ishirini. Kabla hajafika, watu watatu walikuwa wameshampigia Deka simu kumuuliza kama kuna msiba, au kama yeye na mama yake wamegombana. Deka alikuja na tuktuk, akamkuta mama yake njiani, akampandisha huku analia.

"Unanitia aibu, Hooyo. Watu wanasema nini kunihusu?"

Weris alimhurumia sana. Hakurudia tena.

Miaka ikaenda. Akanenepa, na kila aliyemwona alimsifu kwa kunenepa. Magoti yakaanza kulia. Choo kikawa kigumu, siku tatu, siku nne, na tumbo likajaa gesi. Alipofika miaka hamsini na minane alikuwa akihema kwa kutoka sebuleni hadi bafuni, na Deka akaona ampeleke hospitali akapimwe.

Daktari waliyemkuta alikuwa kijana mpole, wa ng'ambo ya daraja, asiyejua Kisomali hata salamu. Alizungumza Kiswahili cha haraka chenye Kiingereza katikati, na Weris, aliyejua kuuza maziwa tu, alimwachia binti yake kazi ya kusikia. Ndivyo ilivyo hospitalini kwa wazee wote wa huko. Mtoto aliyesoma ndiye sikio na ndiye mdomo. Mzee anamtazama mtoto wake, daktari anamtazama mtoto huyohuyo.

Daktari aliuliza kama kuna ndugu aliyewahi kuugua tumbo. Deka akamuuliza mama yake, na Weris akaeleza habari za Billow, yule kaka mwenye utani, aliyekufa Bute baada ya kukonda na kutoa damu chooni miezi mingi. Deka alilitafsiri hilo sawasawa. Daktari akaacha kuandika. Kisha akaongea kwa muda mrefu, akiwatazama wote wawili kwa zamu, na katikati ya maneno yake akasimamisha vidole viwili juu ya meza akavitembeza kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kama miguu. Mwishowe akachukua kile kitabu cha Weris, daftari la shule la kurasa thelathini na mbili ambalo wagonjwa huandikiwa, akajaza karibu ukurasa mzima.

"Anasemaje?" Weris akauliza.

"Anasema upumzike, unywe maji mengi, na hizi dawa za kulainisha choo."

"Ameongea mengi kuliko hayo."

"Madaktari ndivyo walivyo, Hooyo."

"Na vile vidole?"

Deka alisita kidogo tu. "Anasema dawa itatembea vizuri mwilini."

Weris aliridhika. Kwa nini asiridhike? Huyu alikuwa mtoto aliyemzaa njiani, akambeba mgongoni, akamnyonyesha huku anatembea. Kama kuna kinywa kimoja duniani alichokuwa tayari kukiamini bila kuuliza mara mbili, kilikuwa hicho. Wakarudi nyumbani kwa tuktuk, na Deka akamwongezea mto mwingine nyuma ya mgongo, kwa kuwa daktari amesema apumzike.

Damu ya kwanza aliiona baada ya kama mwaka mmoja na nusu. Aliificha kwa aibu, kisha ikawa nyingi, akamwambia Deka akiwa ameinamisha uso. Deka akasema ni bawasiri, wazee wote wanayo, akamletea dawa ya kupaka na mizizi fulani ya kuchemsha. Uso wa Deka siku hiyo ulibadilika rangi, lakini Weris alidhani ni huruma. Alikunywa mizizi. Unene wake ukaanza kupungua wenyewe, na wageni wakaacha kusema mashallah.

Siku moja mchana akaanguka akiwa kwenye swala. Hospitalini wakampima damu wakakuta imeshuka mno, wakamlaza, wakamwongezea. Na aliyekuwa zamu wodini siku hiyo alikuwa daktari wa kike, binti wa Wajir, jina lake Kaltun. Weris alifurahi aliposikia Kisomali kikitoka ndani ya koti jeupe. Deka hakufurahi, na alijaribu kukiacha kile kitabu ndani ya mkoba wake.

"Kitabu chake kiko wapi?" Kaltun akauliza.

"Ni cha zamani," Deka akasema.

"Cha zamani ndicho ninachokitaka."

Kaltun alisimama kando ya kitanda akasoma. Akafunua, akarudi nyuma, akasoma tena. Kisha akaketi kwenye ukingo wa kitanda na kuuliza kwa adabu, kama mtu anayemuuliza shangazi yake.

"Eddo, uliwahi kuanza kutembea kama ulivyoambiwa?"

"Kutembea wapi?"

"Hapa mwenzangu ameandika, miaka miwili iliyopita. Atembee nusu saa kila siku, kwa kuwa haondoki mahali pamoja kutwa nzima. Apunguze nyama na sukari. Na kwa kuwa kaka yake alikufa kwa dalili za saratani ya utumbo mpana, aje ndani ya mwezi mmoja apimwe choo, kisha aingizwe kamera atazamwe ndani ya utumbo. Hapa chini ameandika kwamba mgonjwa ameelezwa kupitia kwa binti yake, na ameelewa."

Wodini kulikuwa na feni moja juu ikilia. Weris hakumtazama Kaltun, alimtazama Deka, na Deka alikuwa ameshika pindo la shela yake anaikunja na kuikunjua. Hakuna aliyehitaji kumweleza Weris kitu zaidi. Vile vidole viwili juu ya meza vilimrudia, akaelewa vilikuwa miguu yake.

"Mimi sikuambiwa," akasema.

Kaltun aliinua uso akawatazama wote wawili, kisha akafunga kitabu polepole. Akasema atapanga vipimo kesho asubuhi, akatoka. Alikuwa msichana mwenye akili.

"Deka."

"Hooyo, nilitaka kukuambia."

"Lini?"

Deka akaanza kulia. Weris alimwacha alie. Zamani machozi ya mtoto huyu yalimfanya asahau hata alichokuwa amekasirikia, lakini siku hiyo alikaa akayatazama tu, na aliona ajabu kwamba hayamgusi.

"Ningekuambiaje?" Deka akasema. "Nikuambie utoke kila siku uzunguke barabarani, huna mzigo, huna unakokwenda, watu waseme Deka amemfukuza mama yake? Siku ile moja tu uliyotoka ulisikia walivyosema. Na hiyo kamera, Hooyo. Inaingizwa nyuma. Yule ni mwanamume. Ningeyatoa wapi maneno hayo mbele yako?"

"Ungeyatoa ulikoyatoa sasa hivi."

"Nilikuwa nakulinda."

"Ulikuwa unajilinda wewe," Weris akasema. "Uliogopa midomo ya watu wasiokuzaa, ukanificha maisha yangu. Mimi nimetembea miaka thelathini na saba, Deka. Unadhani nusu saa ingenishinda?"

Hakupandisha sauti. Wagonjwa wa vitanda vya jirani hawakujua kama kuna ugomvi.

Siku aliporuhusiwa, wiki moja kabla ya kwenda kuingizwa kamera, Weris alivaa viatu akafungua geti mwenyewe. Alitaka kumwona Maka. Mwendo ule wa dakika ishirini ulimchukua karibu saa nzima. Alikaa chini mara tatu, mara moja kwenye ngazi ya duka la simu, na kila aliyempita alimuuliza kama anahitaji tuktuk. Alikuwa na hasira iliyomsukuma kuliko nguvu zake. Alimkuta Maka amesimama kati ya madumu yake, mkavu, mwepesi, mkubwa kuliko yeye kwa miaka miwili, anapimia wateja bila kupumzika.

Weris alipopata pumzi alimweleza yote. Maka alisikiliza, akafuta mikono kwenye pindo la guntiino aliyojifunga, na hakuonyesha mshangao wa kutosha.

"Wewe ulijua kitu," Weris akasema.

"Sikujua habari za daktari, wallahi," Maka akajibu. "Ila nilipokuwa nakuja kukuchukua zamani, tuje wote sokoni uone watu, Deka aliniambia nisije tena. Alisema ninakuchosha. Aliniomba kwa heshima, nami nikaona ni haki yake, maana wewe ni mama yake."

"Kwa hiyo ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Nami nikadhani umenisahau."

Maka alimkalisha kwenye dumu lililogeuzwa, akampa maziwa kikombe, na Weris aliyanywa kwa kuwa alikuwa na kiu. Kumbe alikuwa amezungushiwa ukuta wa watu wanaompenda, kila mmoja na sababu yake nzuri, na hakuna hata mmoja aliyeona afadhali amuulize mwenyewe. Wale wageni wote wa mashallah nao walikuwemo. Aliwakumbuka mmoja mmoja na akawachukia, hata waliokwisha kufa, kisha akaomba msamaha kwa Mungu na hasira ikabaki vilevile.

Kamera aliingizwa katika hospitali kubwa huko Nairobi, akiwa amelazwa usingizi. Aliyeifanya kazi hiyo alikuwa mwanamume. Alipoamka hakuona kama amepungukiwa na chochote, akashangaa kwamba hicho ndicho kitu walichokuwa wakimwogopea.

Majibu yalikuwa yatolewe baada ya wiki mbili. Kaltun alijitolea kuwapigia simu na kutafsiri kutoka Garissa, lakini Deka alimpigia mama yake magoti. Akasema yeye ni mtoto wa pekee, na mtu mwingine akiachiwa kazi hiyo, yeye atajua kuwa hatasamehewa tena. Akaweka mkono juu ya Kurani iliyokuwa kwenye meza, bila kuombwa.

"Wallahi, Hooyo, atakalosema nitakuambia neno kwa neno. Liwe zuri, liwe baya."

Weris alitaka sana kumwamini. Kwa mwanamke aliyebaki na mtu mmoja tu duniani, kumwamini mtu huyo si jambo la kuchagua. Akakubali.

Daktari wa saratani alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani na sauti ya chini. Alizungumza polepole kuliko yule kijana wa kwanza, Kiswahili kitupu, na Weris, aliyekuwa ameamua siku hiyo kumtazama daktari na si binti yake, akagundua kwamba kuna maneno anayashika. Alishika utumbo. Alishika ini, na ini alilijua vizuri, alilinunua buchani miaka yote ya kuzunguka na maziwa. Daktari alisema ugonjwa umefika kwenye ini. Akasema hawawezi kuutoa wote. Akasema dawa itapunguza kasi, na mtu hupata miezi minane, miezi tisa, mwaka, wengine zaidi kidogo, anayejua ni Mungu.

Nane. Tisa. Ni namba alizozitamka kila alfajiri huku akijaza vikombe vya watu.

Daktari akamtazama Deka, akisubiri amwambie mama. Deka akageuka. Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini mdomo ulikuwa unatabasamu.

"Anasema wameuwahi, Hooyo. Kuna dawa utapewa, na inshallah utapona kabisa."

Weris alimtazama mtoto wake. Hakukasirika papo hapo. Kwanza alihisi uchovu, ule wa kufika kisimani na kukuta kimekauka, halafu ndipo hasira ikaja, na ilikuwa baridi. Udanganyifu wa mara ya kwanza aliweza kuuita woga. Mara hii kulikuwa na kiapo.

"Toka nje, Deka."

"Hooyo?"

"Toka. Funga mlango."

Deka alitoka. Daktari, asiyeelewa lililosemwa, akanyanyua mkono kama anayetaka kuuliza, na Weris akasogeza kiti chake karibu na meza.

"Taktari, mimi nasikia Kiswahili kidogo," akasema. "Kiswahili ya soko. Huyu toto yangu hapana sema kweli. Wewe sema na mimi. Sema bole bole."

Daktari alivua miwani. Akarudia yote, maneno mafupi mafupi, akichora kwenye karatasi, utumbo huu, ini hili. Alipofika kwenye miezi alionyesha kwa vidole. Weris akaitikia kwa kichwa kwamba amepata.

"Sasa mimi nauliza. Miaka mbili imebita, taktari ingine alisema mimi tembea. Alisema mimi kuja kubima. Mimi sikujua. Kama mimi ningejua, mimi hapana kufa?"

Daktari angeweza kumpa jibu la kumtuliza, na pengine wengine wangempa.

"Mama, kutembea peke yake hakumpi mtu hakikisho," akasema. "Wako waliotembea maisha yao yote wakaugua. Wako waliokaa wasiugue. Lakini kukaa sana kunaongeza hatari, na watu wasioshughulisha mwili hufa kwa ugonjwa huu zaidi ya wengine. Siwezi kusema kukaa ndiko kulikokuletea."

"Na kubima?"

"Kupima ni jambo lingine. Ugonjwa huu huanza na kijinyama kidogo ndani ya utumbo, na kwa kawaida huchukua miaka kabla haujawa huu. Miaka miwili iliyopita, kama ungekuja, labda tungekikuta bado kidogo. Kikiwa bado kijinyama tu tunakikata kwa kamera hiyohiyo, na mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Hata kama kingekuwa kimeshageuka, tungekuwa na nafasi kubwa kuliko leo."

"Siku hiyohiyo?"

"Siku hiyohiyo."

Alimwomba aseme tena, na daktari akasema tena, akionyesha kwa ncha ya kidole udogo wa kile kijinyama. Weris alikiangalia kidole kile. Machozi yalimtoka bila sauti, akayafuta kwa shela, akakaa wima.

"Nimwite binti yako?" daktari akauliza. "Ni vizuri ajue umeelewa. Naweza kumweleza mimi, kwa upole. Kuna mambo mengine si lazima ayasikie leo."

"Hapana," Weris akasema. "Mimi nitasema yeye."

Alichukua karatasi iliyochorwa, akashukuru, akatoka. Deka alikuwa kwenye benchi la ukumbini, amejifunika uso kwa mikono, akasimama haraka alipomwona.

"Hooyo, amekuambia nini?"

Weris aliketi kwenye benchi, akamvuta mkono akamkalisha pembeni yake. Kisha akamweleza kwa Kisomali kile alichoambiwa kwa Kiswahili, ini, na miezi, na kile kijinyama ambacho kingekatwa na yeye akarudi nyumbani siku hiyohiyo, na hakuacha neno hata moja.